Limenifungua Macho

Tangu muhula uanze, Mwalimu Dole hakuwa amefungua somo hata moja, na ndiye aliyekuwa akiongoza.

Mambo yalianza pale mwalimu mkuu aliporudi kutoka semina, amevimba maneno ya mtandao kama puto. Mafunzo ya walimu, alisema, hayatafanyika tena kwa kukaa jioni na kupigizana kelele. Yatafanyika kwenye simu. Akaunda kundi, akaliita Elimu Kiganjani, akatangaza sheria: yeye atarusha somo, mwalimu atashukuru, kisha atalisambaza kwa wazazi wa darasa lake, ili nao waone shule inavyokwenda na wakati. Kushukuru kulikuwa na alama. Kusambaza kulikuwa na alama. Kusikiliza hakukuwa na alama, maana kusikiliza hakuonekani kwenye kioo cha simu.

Alama zilibandikwa ukutani mwa ofisi ya walimu. Atakayeongoza mwisho wa muhula angekuwa mwalimu mkuu msaidizi.

Hapo Dole akaingiwa na tamaa. Msaidizi ana chumba chake. Chumba kina mlango, na mlango una ufunguo. Yeye alikuwa amezeeka akisahihisha madaftari juu ya meza yenye mguu mfupi, uliotegemezwa kwa kamusi isiyo na jalada. Tena alikwisha kumwambia mama mkwe kwamba cheo kimekuja, na mama mkwe alikwisha kuwaambia watu wake. Neno likishafika huko halirudi.

Basi akajitungia jibu moja: "Asante sana mkuu kwa somo murua. Limenifungua macho." Akaliongezea dole gumba la njano, akalihifadhi. Somo likiingia, anabandika jibu, analirusha kwa wazazi, anaendelea na shughuli zake. Ndipo wenzake walipompa jina hilo la Dole.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mkiani. Kosa lake lilikuwa kusikiliza. "Mkuu," aliandika siku moja, "kama somo liko kwenye video, watoto ambao kwao hakuna simu wataliona wapi?" Akapunguzwa alama. Maswali, alisema mkuu, yanapoza kundi.

"Baba Watoto, hilo somo umelisikiliza?" mkewe humuuliza.

"Mambo ya mtandao hayasikilizwi, mke wangu. Yanajibiwa."

"Haya. Mwenda bure si mkaa bure. Ila wewe umekaa, halafu unasema umekwenda."

Jumamosi moja asubuhi Dole alikuwa mbele ya kioo, povu limejaa kidevuni, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mkuu. Akapangusa kidole kwenye taulo, akabandika asante yake, akaurusha kwa wazazi, akahamia shavu la pili. Walimu wengine wakamiminika nyuma yake. Ubarikiwe mkuu. Somo zito hili. Wa sayansi akapiga makofi. Mwalimu wa hesabu peke yake aliandika: "Mkuu, una hakika huu ulikuwa wetu?"

Uani, mkewe alikuwa anaanika nguo. Upande wa pili wa ukuta jirani yake, ambaye mwanawe yumo darasani kwa Dole, alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Jirani! Njoo usikie mumeo anavyosifiwa!"

Alisikia. Akaacha shuka ndani ya beseni, akaingia ndani.

"Umejifunza nini leo?"

"Mengi," alisema Dole kwenye kioo.

"Kama yapi?"

"Mama Watoto, usinikatishe, nitajikata."

Mkewe akachukua simu, akabonyeza. Sauti ya mkuu ikajaa bafuni, imejiachia kama mtu aliyevua viatu: "Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi, nafasi ile nampa Dole. Akili zake ziko kwenye kidole gumba. Hata nikimtumia mlio wa mbuzi, ataandika asante kwa somo. Msaidizi wa namna hiyo hakusumbui. Yule wa hesabu anauliza mno. Na wazazi wasikutishe. Watumie picha ya mtoto anacheka, watasahau kuuliza amejifunza nini."

Povu lilikauka shavuni. Simu ikaita. Mkuu.

"Mwalimu, ule ujumbe! Mimi wangu nimeshaufuta. Wako bado uko kwa wazazi. Ufute sasa hivi, na Jumatatu ufunguo ni wako."

Akakata. Mkewe akafunga mikono kifuani. "Kakuita mbuzi."

"Hakuniita mbuzi. Kasema mlio."

"Na bado utafuta?"

"Mke wangu, tusi ni la siku moja. Mlango ni wa kila siku."

Akaukandamiza ujumbe. Simu ikamuuliza jambo, kwa maneno mawili matatu. Dole hakuwa na desturi ya kusoma maneno. Akabonyeza lililokuwa karibu na kidole. Ujumbe ukatoweka, akashusha pumzi.

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika tena, safari hii na vicheko vya watu wengi zaidi: "Hata nikimtumia mlio wa mbuzi..."

Mkewe akachungulia simu. "Umefuta kwako tu."

"Basi nifute na kwao."

"Utafuta kitu ambacho huna? Kilichobaki ni chao."

Kulikuwa na somo kuhusu jambo hilo hilo, mwanzoni mwa muhula: namna ya kufuta ujumbe kwa wote. Dole ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunguliwa macho.

Jumatatu wazazi hawakutuma dole gumba. Walikuja kwa miguu yao, wakajaa getini, wakataka kuambiwa watoto wao wamejifunza nini. Mwenyekiti naye alikuja. Mlango wa mkuu ulifungwa mpaka mchana, na alipotoka alikuwa amebeba picha yake ya ukutani.

Jioni, Dole akiwa anavua viatu, simu ikalia. Mwenyekiti ameandika kwenye Elimu Kiganjani: mkuu amepumzishwa, nafasi yake itashikwa na mwalimu wa hesabu, naye atajichagulia msaidizi atakayeweza kumuuliza maswali.

Jibu la kwanza liliingia papo hapo. Asante sana mkuu kwa somo murua. Limenifungua macho.

Mkewe alisimama mlangoni. "Umesoma?"

"Ndiyo nasoma sasa," alisema Dole.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa mama mkwe.