Kiti cha Kuazima

Nyumbani walimwita Kiti. Hawakumwita hivyo kwa kificho. Walimwita mbele ya wageni, wanacheka naye, kama vile mtu anavyoitwa Mfupi na maisha yakaendelea. Jina alilopewa na mama yake, Mungu amrehemu, lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Tena alikuwa mtu wa kuazimwa. Kila ofisi ya umma ilikuwa na tangazo ukutani: kwa mujibu wa sheria, mtu mwenye ulemavu atahudumiwa kwanza, yeye pamoja na msaidizi wake. Wifi yake, yaani mke wa kaka yake, alilisoma tangazo hilo siku moja, likamwingia kama wimbo. Tangu hapo hakupanga foleni tena. Akienda kulipia maji, Kiti mbele. Akienda kung'olewa jino lake mwenyewe, Kiti mbele, hata daktari akamwambia Kiti apanue mdomo. Majirani nao wakanusa habari. Jioni walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni wakijikuna vichwa.

"Mama, kesho unamtumia Kiti?"

"Asubuhi ninaye mimi. Mchukue mchana, ila umrudishe mapema. Na usimwache juani, analalamika huyo."

Mwenyewe yuko pale pale dirishani, anashona vifungo vya mashati ya watu, uzi mdomoni. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama na yeye ana shughuli zake.

Walikaa ghorofa ya pili. Kiti cha magurudumu kililala chini ya ngazi, kimefungwa mnyororo wa baiskeli. Kushuka na kupanda kulikuwa mgongoni kwa kaka, ambaye hakukosa kuhema na kuuliza, "Dada, siku hizi unakula mawe?" Siku isiyo na mtu mwenye foleni, mgongo haukupatikana. Kiti alishinda juu, akiitazama barabara kama mtu anayetazama picha.

Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kwamba vyumba vya chini vya jengo jipya watapewa watu wenye ulemavu, aliomba mwenyewe kwa simu, kimya kimya, usingizi ukampaa. Alitaka mlango unaofunguka usawa wa ardhi. Alitaka atoke akanunue chumvi na kurudi, bila kumwomba mtu mgongo. Basi. Jibu lilipokuja kwamba amepata, aliwaambia wakati wa kula.

"Hongera, wifi yangu," wifi akasema. "Nitakupeleka mimi." Na macho yake yakamtambalia mama yake mzazi, aliyekuwa akikaa nao, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa kiasi kwamba ngazi alizipanda kwa makalio.

Ofisini walipita mbele kama kawaida. Foleni ikaguna kama kawaida. Karani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, aliongea juu ya kichwa cha Kiti.

"Msaidizi wake ni wewe, mama?"

"Ndiye mimi. Niko naye usiku na mchana."

"Nyumba ni yake kisheria. Ila ufunguo anakabidhiwa msaidizi."

"Mikono yangu ni mizima," Kiti akasema kutoka chini. "Nipe mimi."

Karani akamgeukia wifi. "Anasemaje?"

"Anashukuru."

"Asante na yeye. Mwezi ujao mrudi wote wawili, mtie saini mkataba."

Ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa wifi, zipu ikafungwa.

Jumapili yake mizigo ilishushwa. Godoro, ndoo, sufuria mbili. Mpaka alipoona hata kiti cha kuogea cha bibi, mama yake wifi, kimeshuka, Kiti alijipa moyo kwamba ni kumsaidia yeye kuhama. Kisha kaka akambeba mama mkwe wake akamshusha, akarudi peke yake, akaketi akijifuta jasho.

"Mimi nashuka lini?" Kiti akauliza.

Kaka akatazama viatu vyake. "Dada, mama ana magoti."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe umeshazoea," wifi akajibu kutoka jikoni, kwa upole kabisa. "Halafu ukikaa peke yako watu watatusema. Watasema tumekutupa."

Mwezi mzima Kiti alishona vifungo na kumeza maneno. Hakulia mbele yao, hakununa. Jirani akimtaka, alikwenda. Alisukumwa dirisha hadi dirisha, akizisikia foleni nyuma yake zikimlaani kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwa na haja yoyote pale.

Siku ya mkataba ikafika. Wifi alijipamba, akamsukuma moja kwa moja hadi mbele, huku akisema "samahani, samahani, mgonjwa huyu," na watu wakajikunja kumpisha. Wifi akainama kwenye mkoba kutafuta kitambulisho. Karani, kwa kukosa mtu mwingine wa kumtazama, akamtazama Kiti.

"Msaidizi wako ndiye huyu?"

"Simjui," Kiti akasema.

Wifi akainua kichwa akicheka. "Wifi, acha utani, watu wana haraka."

"Mimi si wifi yako, mama. Umenikuta pale mlangoni, ukanisukuma."

Foleni ikafumuka.

"Nilijua tu. Juzi kaletwa na mwanamke mwingine, mnene."

"Mtu mzima na heshima zako unaazima binadamu kama mwavuli?"

"Mrudisheni nyuma. Nyuma kabisa, kule kwenye jua."

Hawakuwa wameipenda sheria ghafla. Walikuwa wamechoka kupitwa, na leo wamepata wa kumlipisha. Mmoja alimvuta wifi mtandio, mwingine akaukanyaga. Mlinzi akaja mbio, akamshika wifi mkono.

"Kama humjui," karani akamwuliza Kiti, "ufunguo wako umefikaje kwake?"

"Ulimpa wewe. Mimi nilikuwa hapa hapa, hukuniuliza."

Nyuma ya karani, mlango wa mkubwa wake ulikuwa wazi. Karani akauona, akateremsha sauti. "Mama, toa ufunguo."

Wifi akautoa. Alipouweka kwenye kiganja cha Kiti aliinama kama anayembusu. "Leo ngazi utazipanda kwa meno," akamnong'oneza.

"Sipandi tena."

Akatia saini mwenyewe, jina lote, lile alilopewa na mama yake. Akatoka akijisukuma. Nyuma yake wifi alikuwa akiapa na kulia kwamba huyu ni ndugu wa mume wake kabisa, amemlisha miaka yote, na ilikuwa kweli, na foleni nzima ikamcheka.

Jengo jipya halikuwa mbali. Mlango wa chumba haukuwa na kizingiti. Magurudumu yaliingia kama maji. Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooshwa, anachambua mchele. Uso ukamng'aa.

"Mwanangu, umekuja kunitembelea? Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Karibu. Hapa pazuri, we acha tu. Jana nimetoka nje mara tatu, hivi hivi, bila kumwita mtu."

Kiti alikuwa na maneno mengi, lakini yote aliyatengeneza kwa ajili ya wifi. Akauangalia mlango, akaangalia pale pembeni ambapo meza yake ya kushonea ingekaa vizuri kwenye mwanga.

"Mama, nyumba hii ni yangu," akasema. "Nimekuja kukaa."

Bibi akaacha kuchambua. Alielewa taratibu, na alipoelewa, mikono yake ikaenda kwenye magoti, ikayafunika.

"Tukae wote, mwanangu. Mimi sina makuu."

"Ukikaa wewe, na mwanao atakuja. Akija mwanao, mimi narudi juu."

"Sasa zile ngazi nani atanipandisha?"

"Kaka ana mgongo."

Bibi akauweka mchele pembeni. Kisha akainama, akaanza kupapasa viatu vyake chini ya kitanda. Kiti akarudi nyuma kidogo, akamshikia mlango.