Leso za Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu ya mwaka 1954, Apolonia, mjane wa katekista wetu hapa Kihesa, alikohoa damu katikati ya Njia ya Msalaba. Akina mama wakachovya leso zao katika damu hiyo, eti anashiriki mateso ya Kristo! Mimi, dresa, msaidizi wa tabibu hospitalini, nikapima makohozi yake kwa hadubini, nikaona vijidudu vya kifua kikuu.

"Chomeni leso hizo!" nikawafokea.

"Mwanangu, kioo chako kinaona wadudu tu," mama yangu akanijibu. "Mungu hakimwoni."

Apolonia alikufa mwezi wa tano, akitabasamu. Mwezi wa nane binti yangu Juliana akaanza kukohoa. Nikainua mto wake, nikakuta leso yenye damu iliyokauka. Bibi yake alikuwa ameiweka pale imlinde.