Mwisho Aliokataa Tabby

Kwa miaka minne, Jumamosi moja ya kila mwezi, Wakiuru alikuwa akiketi katika saluni ya Tabby pale Gatitu, kitabu mapajani. Tabby akimsuka, yeye alimsomea habari za Sirinde, msichana aliyeita ukungu ukamjia mbio kama ndama, akimtafuta mamake aliyefungwa jela. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Wakiuru alivigeuza Kiswahili papo hapo. Alikuwa amemaliza chuo bila kuinua mkono darasani hata mara moja, na Tabby ndiye rafiki wake wa pekee. Bila vitabu hivyo, hakujua wangezungumza nini.

Leo walikuwa wamefikia kurasa za mwisho za kitabu cha sita, na cha saba hakitakuwapo. Jana alikuwa amezisoma peke yake, akalia kwa hasira.

Akasoma. Sirinde alitupa uwezo wake mtoni, akaolewa na mwana wa mfalme ambaye kitabu kizima hakusema neno la maana. Basi.

Mikono ya Tabby ikasimama.

"Ati?"

"Imeisha hivyo."

"Na mamake kule jela?"

"Hawajamtaja tena."

"Woi!" Gaudencia, mteja aliyekuwa akingoja zamu yake, akapiga makofi. "Miaka minne mnalia na huyo msichana, kumbe alikuwa anatafuta bwana tu!"

Wakiuru akacheka kidogo, akafunga kitabu. Basi sasa atakuwa akisukwa kimya kama wateja wengine. 

Tabby akachukua kitana, akaanza kufumua mstari alioumaliza punde.

"Huu mstari umeenda upande," akasema. "Mimi nikikosea siachi mtu atoke hapa hivyo. Nafumua mpaka mahali ilikuwa sawa. Hiyo hadithi ilikuwa sawa mpaka wapi?"

"Mpaka Sirinde amefika kwa mlango ya jela."

"Rudi hapo."

"Lakini hakuna kitu ingine wameandika, Tabby."

"Kwani mimi najua Kiingereza ya huko ndani? Hii miaka yote nani amekuwa akiniambia? Si ni wewe?"

Gaudencia akavuta kiti karibu. "Na huyo bwana mumwache nje."

Wakiuru akakiweka kitabu kwenye rafu, kando ya mafuta ya nywele. Mikono yake ilibaki haina cha kushika.

"Sirinde akasukuma mlango," akaanza, kwa sauti ndogo, "na ukungu ukaingia kabla yake."

"Enhe," Tabby akasema, akizikamata nywele upya. "Na mamake?"