Lida Fupi ya Glenys

Mdogo wangu Glenys hajawahi kuamini ushauri wangu hata mmoja, na ule unaohusu mishipi ndio anaouamini kidogo kuliko wote. Ana sababu zake. Katika klabu yetu ya uvuvi hapa Bermagui, rekodi ya wanawake ya jodari kwa mshipi wa kilo kumi na tano ni yangu. Kilo kumi na tano si uzito wa samaki, ni nguvu inayotosha kuukata mshipi wenyewe. Samaki wangu alikuwa na kilo hamsini na nane. Nimeishikilia rekodi hiyo tangu watoto wetu wako shule ya msingi, na sasa wale watoto wana vipara. Glenys anaitaka. Hajawahi kuficha, na mimi sijawahi kuacha kumkumbusha kwamba bado hajaipata.

Mwaka huu ilimbidi aje kwangu kuomba. Neville, ambaye huwashikia lida Glenys na mumewe Dugald, alikuwa amebadilishwa nyonga, na jodari walikuwa wameshafika nyuma ya kisiwa kilicho mbele ya bandari yetu. Mvuvi anayetaka rekodi hupigana na samaki peke yake. Ufito wa kuvulia, rili inayokunja mshipi, na mshipi wenyewe haviguswi na mtu mwingine, hata kwa ncha ya kidole. Kitu pekee ambacho mwenzake anaruhusiwa kushika ni lida, kile kipande cha mwisho kinachounganisha mshipi na ndoana, tena kikishafika karibu na mashua. Bila mtu wa kushika lida, samaki mkubwa hapandi. Na mshikaji bora wa lida katika bandari hii ni mimi. Sisemi mimi, wanasema watu. Mimi nakubaliana nao tu.

Basi jioni ya kabla ya safari tukakaa jikoni kwa Glenys, rili nne zimepangwa mezani na Dugald yuko katikati yetu na sahani ya biskuti za tangawizi.

"Weka lida ndefu," nikasema. "Sheria inakupa mita tisa, chukua zote tisa. Na iwe nene."

"Nene?" Glenys akanitazama kama nimemwambia avulie kwa mnyororo. "Dada, jodari ana macho. Maji ya Mei yanaonyesha mpaka chini. Ukimburutia chambo kwenye kamba ya kuanikia nguo, atakuja?"

"Akiwa na njaa atakuja."

"Wewe unataka asije."

"Mimi?"

"Wewe, bibi. Malkia wa kilo kumi na tano."

"Sikiliza, Glenys. Jodari akichoka haji juu kukupa mkono. Anazunguka chini ya mashua, anazunguka, anazunguka. Lida ikiwa ndefu naipata yeye akiwa bado chini. Ikiwa nene naikamata bila kukatwa vidole. Ukinifungia kauzi ka kushonea vifungo, mimi nishike nini?"

"Ushike imani."

Dugald akacheka mpaka makombo yakamtoka. Nikamwambia, "Na wewe shemeji, sema kitu. Ndiwe unayefunga mafundo."

"Mimi nafunga ninachoambiwa," akasema. "Nimeoa humu ndani, sijatumwa kuja kuamua kesi."

Glenys akachagua lida nyembamba ya mita tatu. Nisimwonee: hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu lida nyembamba huwavuta hata samaki wenye wasiwasi, na samaki asiyeuma hana haja ya kushikwa. Lakini nilijua pia kwamba kama ningemshauri afunge fupi, angefunga ndefu. Nilimwambia ukweli mtupu, akautupa kwa sababu umetoka kwangu. Iliniudhi kuliko nilivyoonyesha.

Asubuhi gatini akanipekua mfuko. Alikuwa anatafuta ndizi. Huku kwetu ndizi haipandi mashua, na ikipanda samaki hawapandi.

"Hii nini?"

"Keki."

"Ya ndizi?"

"Ya karoti, mwehu wewe."

Akainusa. Naapa aliinusa, mbele ya watu, kisha akanirudishia bila aibu yoyote.

Tulipopita kisiwa Dugald akapunguza mwendo, akatoa vyambo vinne vya plastiki vyenye sketi za rangi nyuma ya mashua, na tukaanza kuviburuta juu ya mawimbi. Chai ilikuwa haijaisha kikombeni rili ya kulia ilipopiga kelele. Mshipi ulikuwa unakimbia kama umeitwa. Glenys akaruka kwenye kiti kilichofungwa katikati ya sitaha, Dugald akamfunga mikanda, na kitu cha kwanza mdogo wangu alichofanya, kabla hata ya kukaza breki ya rili, kilikuwa kunigeukia.

"Umeona? Umeona? Lida nyembamba hiyo!"

"Nimeona. Sasa tazama samaki wako, usinitazame mimi."

Alipigana vizuri. Lazima niseme hivyo. Mshipi ule ukiukaza kidogo tu kupita kiasi unakatika, ukiulegeza samaki anakwenda New Zealand, na Glenys aliucheza katikati, mgongo umenyooka, midomo imebanwa. Umri wake si wa kufanya kazi ile. Jasho lilimtiririka, na baridi ya Mei yote ile. Nilimlisha keki ya karoti kipande kipande kama kinda, naye akala bila kuinusa. Kila alipovuta mita kumi samaki alichukua nane. Chai ikapoa kwenye chupa, tukaisahau.

Mwishowe jodari akaanza kuzunguka chini yetu, kama nilivyosema. Nikavaa glavu, nikainama ukingoni. Nikamwona kule chini, ubavu wake unang'aa, mapezi ya manjano. Macho yangu yameshapima samaki wengi. Alikuwa mkubwa kuliko wangu.

Sasa muelewe tulivyokaa. Glenys yuko kitini, anaona ufito na mbingu, haoni maji yaliyo chini ya ukingo. Dugald yuko kwenye usukani, ananiona mgongo. Mbele ya macho yangu mimi peke yangu kuna mshipi, na chini yake, ndani ya maji, kuna fundo dogo jeusi ambapo mshipi unaishia na lida inaanza. Mshipi ningeweza kuufikia kwa mkono. Fundo lilikuwa bado mbali.

Ndipo sili, mnyama wa bahari mla samaki, akatokea. Sili wa kisiwani wamejifunza kazi yetu kuliko sisi. Wanangoja umchoshe samaki, wao wanakula tumbo, wewe unapandisha kichwa. Alikuja mweusi, mnene, hana haraka kabisa.

"Sili!" nikapiga kelele.

"Mshike, shemeji!" Dugald akapiga kelele. "Shika!"

Ningeweza. Mshipi ulikuwa pale, kiasi cha kuukunja mara mbili mkononi na kuvuta. Samaki angepanda mzima, Glenys angepata nyama ya kugawa mtaa wote, na mimi ningesema, "Pole, mdogo wangu, nilishika mapema, sili alikuwa anakuja." Nani angenilaumu? Wangeninunulia bia. Samaki angekuwa salama, na asingehesabiwa. Rekodi ingebaki kwangu na bado ningeitwa mtu mwema. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuushika ule mshipi.

Nikaunyanyua mkono wangu juu, hewani, mbali na mshipi.

"Vuta, Glenys!"

"Shika wewe!"

"Bado! Lida haijafika! Vuta!"

"Unamngojea sili!" Sauti yake ilipasuka. "Verna! Unataka aliwe! Mwizi wewe!"

Dugald aliongeza moto kidogo, mashua ikasogea, sili akapitwa na kugeuka. Glenys akavuta huku ananitukana, kila mzunguko wa rili na tusi lake, na fundo jeusi likapanda, likapanda, likatoka majini. Nikakamata chini yake. Lida nyembamba ile ikakata glavu kama haipo, ikaingia kiganjani. Nikaizungusha mara mbili hivyo hivyo na kuvuta kwa mgongo wote, nikipiga yowe, mpaka Dugald akaacha usukani akaja na ngoe ya kumnasia samaki. Tukamwangusha jodari sitahani, naye akaupiga mkia wake na kuturashia damu. Baadhi ilikuwa yangu.

Glenys alifunguliwa mikanda, akaja akamtazama samaki. Kisha akautazama mkono wangu. Akaleta sanduku la dawa, akaniosha, akanifunga bandeji. Hakuniuliza kama nilishika lida au mshipi. Mimi nami sikumwambia. Sisi ni baba mmoja, mama mmoja, na kiburi ni kilekile. Ameniita mwizi, nikawaza, acha afikiri anavyofikiri. Tulirudi bandarini Dugald akiwa ndiye pekee anayeongea, tena anaongea na redio.

Gatini watu walikuwa wameshasikia. Clive, mpimaji wa klabu, akamtundika jodari kwenye mizani. Kilo sitini na tatu. Wakashangilia, na wawili watatu wakanitazama kwa huruma, jambo nisilolipenda hata kidogo.

Clive akainua mkono. Kuna swali moja ambalo lazima aulize kabla rekodi haijakubaliwa, na anayelijibu ni aliyeshika lida.

"Verna," akasema, "mshipi uliguswa na mtu mwingine yeyote kabla ya lida kufika?"

Nikafungua mdomo. Lakini kwanza nikamtazama Glenys, kwa sababu nilitaka kuona. Nilitaka nimwone akiogopa neno langu, nilipize kidogo kwa lile tusi.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama Clive.

"Hakuugusa," akasema.

"Namuuliza yeye, Glenys. Wewe uliona?"

"Mimi nilikuwa kitini. Sikuona kitu."

"Sasa unajuaje?"

"Dada yangu huyo," Glenys akasema. "Namjua."

Clive akanigeukia, akaniuliza mara ya pili.

"Sikuugusa," nikasema, na rekodi yangu ikawa yake.