Njia ya Moto

Debe lilikuwa limejaa maji, na Mwanaima aliyamwaga yote mchangani ndipo apate kitu cha kupiga. Alikuwa ameyateka kijiji cha Munje, mwendo wa asubuhi nzima, kwa kuwa kisima cha karibu kilikuwa kimebaki tope. Aliyatazama yakinywewa na ardhi. Kisha akaokota jiwe.

"Moto! Jamani, moto!"

Ndivyo walivyoagizwa. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu bendera ya uhuru ipandishwe, na kila kiangazi Chifu Boga aliwakusanya akawaambia maneno yaleyale: kuzuia moto ni jukumu la kijiji kizima. Atakayeuona wa kwanza apige debe. Atakayelisikia debe aache alicho nacho mkononi, aje. Na moto ukiteketeza mali ya mtu, aliyeuwasha asipatikane, basi kila nyumba itatoa mbuzi.

Watu walikuja. Waliupiga moto kwa matawi mabichi tangu adhuhuri mpaka alasiri, wanawake wakiwa wamejifunga kanga puani. Nyumba zikasalimika. Lakini upepo uligeuka, na moto ukaingia kwenye mikorosho ya Mheshimiwa, ukala safu hii na safu ile, majani yakilia kama samaki kikaangoni.

Mheshimiwa mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Walijua tu kwamba alikaa Nairobi, na kwamba shamba lile alilinunua kwa mzungu aliyerudi kwao. Waliyemwona wao ni Jefwa, nyapara wake, ambaye tangu msimu wa korosho ulipokwisha alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akiwaambia wahame. Kijiji kiko ndani ya shamba, alisema. Nao walimjibu kwamba makaburi ya babu zao yalikuwa pale kabla ya mzungu.

Na Jefwa ndiye ambaye Mwanaima alimwona siku ile, alipokuwa akirudi na debe kichwani. Jefwa alikuwa ameshika kipande cha kuti kinachowaka. Aliinama kwenye nyasi, akatembea kidogo, akainama tena. Wakati ule upepo ulikuwa ukielekea kwenye nyumba.

Jioni alikuja Chirau, mdogo wa marehemu mumewe. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akakataa chai.

"Shemeji, kesho kuna baraza. Utasema nini?"

"Nitasema nilichokiona."

"Usiseme."

Mwanaima alimtazama. Viganja vyake mwenyewe vilikuwa vimetoka malengelenge, na alikuwa amevipaka utomvu wa mshubiri. "Kwani wewe uliona nini, Chirau?"

"Nilikuwa juu ya mnazi."

"Basi ulimwona."

Chirau alichokora mchanga kwa kidole cha mguu. "Ukisema wewe, ni neno la mjane mmoja. Nikisema mimi, watakuja kunivunjia nyumba. Nina watoto, shemeji."

"Na mimi wangu niliwazika. Ndiyo maana wanitaka ninyamaze?"

Chirau aliaga, akaondoka.

Baraza lilifanywa kwenye kambi ya chifu. Chifu Boga alikaa kwenye kiti cha mikono, askari wawili wamesimama nyuma yake. Jefwa alipewa kiti pia. Wanakijiji waliketi chini, juani.

"Shikamoo, Chifu," alisema Mwanaima alipoitwa.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga debe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa narudi kisimani. Nikamwona Jefwa ana kuti la moto, anawasha nyasi, huku—"

"Ngoja. Sijakuuliza ulimwona nani. Ulikuwa na debe la maji?"

"Ndiyo, Chifu."

"Yalikwenda wapi maji hayo?"

"Niliyamwaga, ili debe lilie. Debe la maji halilii."

Chifu aligeuka akawatazama askari, kisha akawarudia watu. "Mmesikia. Moto unawaka, mtu ana debe zima la maji, anayamwaga chini."

Mmoja wa askari alicheka. Nyuma kabisa mtu mwingine akacheka pia, kisha akakohoa.

"Chifu, debe moja lingefanya nini? Wewe mwenyewe ulituambia tupige—"

"Mama, usisumbue serikali," alisema askari. "Jibu kile umeulizwa."

"Ulikuwa na ugomvi na Bwana Jefwa," Chifu aliendelea. "Alikwambia uhame, ukamtukana mbele za watu. Kweli si kweli?"

"Sikumtukana. Nilimwambia mikorosho ile minne ni ya mume wangu, aliipanda kwa mkono wake."

"Kwa hiyo ugomvi ulikuwapo." Chifu alinyoosha mguu. "Sasa nasema na nyinyi wote. Mali ya Mheshimiwa imeungua. Kuna njia mbili. Aliyewasha ajulikane, au leo hii askari hawa waende na mbuzi wenu. Chirau! Simama. Wewe ulikuwa wapi?"

Chirau alisimama, kofia mkononi. "Nilikuwa juu ya mnazi, Chifu."

"Juu ya mnazi mtu huona mbali. Ulimwona nani pale penye moto?"

Mwanaima aligeuka akamtazama.

"Nilimwona shemeji yangu," alisema Chirau.

"Mwanaima?"

"Ndiyo. Nilimwona anakimbia."

"Inatosha. Kaa."

Chirau hakukaa. Alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mwenye neno jingine, mpaka mkewe akamvuta shati. Mwanaima aliwatazama mmoja mmoja wale waliokuja kwa sauti ya debe lake. Kila aliyemtazama aliinamisha macho. Wengine mikono yao ilikuwa bado na vitambaa.

Hakimu wa Kwale hakuchukua muda mrefu. Mwanaima hakuwa na pesa za faini, akafungwa miezi sita, Mombasa.

Alipotoka, masika yalikuwa yamepita, na mihogo yake ilikuwa imesimama, maana mke wa Chirau alikuwa akiipalilia kimyakimya bila kumwambia mtu. Haikuwa tayari kuchimbwa. Nyumba yake ilikuwa imeanguka upande mmoja. Kabla hajapata miti ya kuisimamisha, Chifu akaita watu tena.

Safari hii alikuwa na furaha. Serikali, alisema, haitaki tena maafa kama yale. Kijiji kitakata njia ya moto kuzunguka shamba la Mheshimiwa: ukanda mpana usio na jani hata moja, moto ufike ukose cha kula. Kila nyumba itoe mtu. Hakuna malipo, kwa sababu ni kazi ya jamii kwa manufaa ya jamii.

Jefwa alipita akichomeka vijiti vya kuonyesha ukanda. Vijiti vilipita nyuma ya nyumba ya Chirau, vikaacha makaburi mkono wa kulia, upande wa shamba, vikaingia katikati ya mihogo ya Mwanaima, mpaka kwenye mikorosho minne.

"Hiyo mihogo si nyasi," alisema Mwanaima.

"Ni majani," alisema Jefwa. "Yakikauka yanawaka. Na wewe hasa hupaswi kubishana habari za moto."

Walifanya kazi kwa mstari. Chirau alikuwa wa pili kutoka kwake. Alipofika kwenye shina la kwanza la muhogo alisita, akaliruka, akaenda kulima mbele. Jefwa akamrudisha kwa fimbo, bila kumpiga. Mwanaima akamsukuma shemeji yake kando na kuling'oa mwenyewe. Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole vya mtoto. Aling'oa la pili, na la tatu. Hakumwachia mtu ayaguse. Wanaume wakaiangusha mikorosho minne.

Rundo la mihogo na mikorosho iliyokatwa lilipokuwa limekauka, Jefwa alikuja na ruhusa ya Chifu na chupa ya mafuta ya taa. Alimwaga, akarudi nyuma, akawasha kiberiti. Watu walipangwa kulizunguka, kila mmoja na tawi bichi.

"Wewe simama pale, upande unakokwenda upepo," Jefwa alimwambia Mwanaima. "Moto ukitoka, utajibu wewe."

Akasimama pale. Moshi ulimjia usoni, na cheche zilipoanza kuruka kuelekea kwenye mikorosho ya Mheshimiwa, alikimbia huku na huku akizipiga, moja baada ya nyingine, mpaka zikazimika.