Salamu Zilizopanda Lori

Redio ya watoto wa Nyahanga haikwenda hewani. Badrudin, fundi redio mwenye duka karibu na kituo cha malori, alilieleza jambo hilo kwa kila aliyeuliza, na kwa msisitizo zaidi kwa wale walioogopa kuuliza. Alikuwa amekwenda mwenyewe ofisi ya wilaya, Kahama mjini, kuomba ruhusa ya mtambo mdogo ambao watoto wangeutumia kusoma habari za mtaa. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

“Hewa ni ya serikali, Bwana Badrudin.”

“Na waya?”

Karani alifikiri. “Waya ni wako, mradi usivuke mpaka wa mtaa.”

Hivyo ndivyo redio ya waya ilivyozaliwa, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na mbili. Amplifaya iliendeshwa kwa betri ya lori. Waya ulitoka kwenye ubaraza wa duka, ukapita juu ya nguzo za miti hadi kwenye spika mbili: moja sokoni, nyingine kituoni, pale ambapo malori ya kwenda Geita yalipakia watu na mizigo. Ruhusa iliandikwa pamoja na masharti. Siasa isiguswe. Matangazo ya vifo na ya watu waliopotea yaachiwe redio ya taifa. Kila karatasi itakayosomwa ipitiwe kwanza na mtu mzima mwenye elimu.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Serafina, mstaafu aliyesomea ualimu kwa masista enzi za Mwingereza. Kila Jumamosi asubuhi aliketi ubarazani akiwa na kalamu nyekundu, na hakuna mtoto aliyekaribia kipaza sauti kabla ya karatasi yake kupita chini ya kalamu hiyo.

“Mama Mwalimu,” Badrudin alimwambia siku moja, “karatasi hii imetoka kwako ikiwa na damu nyingi kuliko bucha.”

“Basi aliyeiandika ajifunze kuandika, Baba Anar.”

Msomaji mkuu alikuwa Paskalia, msichana wa darasa la sita. Mama yake aliuza nyanya sokoni, chini ya spika yenyewe. Baba yake, Donatus, mtu wa Samuye, alikuwa akichimba dhahabu machimboni Geita, na alirudi nyumbani mara chache, akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Paskalia ndiye aliyegundua kwamba waya ule ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana. Siku moja, baada ya kusoma bei za mazao na habari za kisima kilichoharibika, alisoma salamu: “Baba Donatus, huko machimboni, shikamoo. Sisi hatujambo. Mbuzi mweupe amezaa.” Wachimbaji waliokuwa wakipanda lori waliangua kicheko.

“Wewe mtoto!” mmoja alipiga kelele kutoka juu ya magunia. “Mbona mimi hunisalimu?”

“Wewe una nani hapa Nyahanga?” Anar, binti wa Badrudin, alimjibu kutoka ubarazani.

“Nina mama mkwe!”

“Basi tutakusalimia mama mkwe, ushuke ukakae naye!”

Lori zima lilicheka. Hata hivyo, mchimbaji mmoja, Eustace, Mhaya mwembamba aliyefanya kazi pamoja na Donatus, aliishika salamu ile kichwani na kuifikisha. Aliporudi, alisimama ubarazani, akavua kofia. “Donatus anasema marahaba. Anasema mbuzi afungwe mbali na bustani.”

Tangu siku hiyo, familia nyingi zilileta salamu zao. Watoto walizisoma muda mfupi kabla ya malori kuondoka, na wasafiri walizibeba kwa vinywa vyao. Majibu yalirudi kwa njia iyo hiyo, na Jumamosi iliyofuata yalisomwa. Mwalimu Serafina aliukubali utaratibu huo baada ya kuisoma upya ile barua ya ruhusa, kwani salamu hazikukatazwa. Aliongeza sharti lake mwenyewe, na kila mbeba jibu alilisikia kabla hajafungua kinywa.

“Usiniletee maana. Niletee maneno yenyewe, kama mwenyewe alivyoyatamka.”

Maneno ya Donatus yalijulikana soko zima. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitaka paa la jiko lizibwe kabla ya vuli. Alitaka kujua ni nani aliyeruhusu panga lake liazimwe. Kila jibu lilikuwa na kosa la mtu ndani yake, na Paskalia aliyasoma yote kwa sauti ileile, huku wanawake wa sokoni wakishikana mabega kwa kucheka na mama yake akijifunika uso kwa khanga.

Lakini Paskalia alikuwa na jambo moja alilolisubiri, neno la baba yake kuhusu usomaji wake, na wote waliokaa ubarazani walilijua. Donatus alikuja nyumbani wakati wa Pasaka. Jumamosi ya kuondoka kwake alisimama chini ya spika ya kituoni, mikono nyuma, akamsikiliza binti yake kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kisha alipanda lori bila kusema kitu. Kwa wiki nzima Paskalia alikuwa akiwatazama watu wanaoshuka. Eustace alipotokea, alijikuna shingo kwa muda mrefu.

“Sema,” Mwalimu Serafina alimwamuru.

“Anasema… Mwalimu, ni maneno yake, si yangu. Anasema mtoto anasoma kama anayekimbizwa na mbwa.”

Paskalia aliliandika jibu hilo mwenyewe, akalipeleka chini ya kalamu nyekundu, akalisoma kwenye kipaza sauti. Soko lilicheka sana siku hiyo. Alipomaliza, alikwenda nyuma ya duka. Anar alimkuta amekaa juu ya kreti ya soda, akisoma gazeti la zamani kwa sauti ya chini, akirudia sentensi moja tena na tena.

Tangu hapo, kila salamu yake ilimalizika kwa swali lilelile: “Baba, na sasa ninasomaje?” Mwalimu Serafina hakulifuta kwa kalamu yake.

Jibu halikuja. Jumamosi zilipita, na wachimbaji walioshuka walisema kwamba hawakupitia upande wa Donatus, au kwamba walimwona kwa mbali tu. Wengine walishukia upande wa pili wa lori, wakazunguka nyuma ya kinu cha kusaga. Badrudin aliliona jambo hilo, akadhani kwamba watu wamechoka kutumwa. Pamba ilivunwa, ikapimwa, na malori ya ushirika yakaanza kupita mjini yakiwa yamejaa marobota. Mama Paskalia alisema mumewe huenda amehamia shimo jingine.

Ndipo Eustace alipokuja tena. Paskalia alimwona akishuka, akaruka kutoka ubarazani na kumkimbilia katikati ya kituo, asijali sharti wala utaratibu.

“Shikamoo, baba mdogo! Amesemaje?”

Eustace alimtazama mtoto huyo. Akatazama lori, kana kwamba angependa kulipanda tena.

“Marahaba, mwanangu. Anasema… anasema yale ya mbwa yalikuwa utani. Anasema unasoma vizuri. Unasoma vizuri kuliko hata wale wa redio ya Dar es Salaam.”

Paskalia alimshika mkono, akamvuta hadi kwa Mwalimu Serafina ili ayarudie maneno hayo. Eustace aliyarudia akiitazama kofia yake.

“Ni maneno yake yenyewe?”

“Ni maneno yake, Mwalimu.”

Mwalimu Serafina aliitia karatasi alama yake. Hapakuwa na kosa la kusahihisha.

Paskalia alilisoma jibu hilo mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kuruhusiwa. Sokoni mama yake alisimama katikati ya nyanya zake, akapiga vigelegele, na wauza samaki wakamwitikia. “Leo Donatus kalewa!” mmoja alipaza sauti. “Kalewa au kapata dhahabu!” Siku zilizofuata mtoto huyo alitembea mtaani kama aliyevaa viatu vipya. Aliwasomea wadogo zake maandishi ya kwenye makopo ya dawa. Aliwasomea wateja wa Badrudin bahasha zao kabla hawajaomba. Badrudin alisema kwamba kama mtambo wake ungekuwa na nguvu ya msichana yule, serikali ingemfunga.

Mzee Bujiku, kaka mkubwa wa Donatus, alifika baada ya hapo, akitokea Usumbwa, alikokuwa amepeleka ng’ombe kutafuta malisho. Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hawakupitia sokoni. Walituma mtu akamwite Mama Paskalia nyumbani, na alipoingia uani na kuwakuta wazee watatu wameketi wakiwa wameshika fimbo zao, bila kuomba hata maji, alidondosha kapu lake.

Katika ukoo huo, habari ya kifo si ya mpita njia. Wenye kuitoa ni ndugu wa damu, na huitoa nyumbani, mbele ya majirani, ili mfiwa asianguke peke yake. Mtu wa nje akiulizwa husema kwamba mhusika ni mgonjwa. Au, akishindwa, husema kwamba ni mzima. Wachimbaji walikuwa wamemtumia Mzee Bujiku ujumbe mapema, nao ujumbe ulimfuata kutoka malisho hadi malisho. Wakati wote huo hakuna aliyekuwa na haki ya kusema.

“Duara lilimfunika,” Mzee Bujiku alisema. Ndivyo wachimbaji waliitavyo shimo lao. “Walimtoa siku ileile. Wenzake walimzika hukohuko, kwa heshima, na katekista aliwasalisha. Wakati huo pamba ilikuwa bado haijapasuka.”

Mama Paskalia hakuyasikia maneno ya mwisho. Wanawake walikuwa wamekwisha kumshika. Paskalia aliyasikia. Alisimama karibu na ukuta wa jiko, mdomo wazi, na Mwalimu Serafina, aliyekuja na majirani wengine, alimwona mtoto huyo akitazama barabarani, ambako malori ya marobota yalikuwa bado yakipita.

Badrudin alifunga duka na kuchomoa waya kwenye betri. Anar alilala msibani pamoja na rafiki yake, kwenye mkeka uleule. Watu walisema kwamba angalau waya usome tangazo, kwa kuwa marehemu alikuwa kama mtu wa redio ile. Mwalimu Serafina alikataa. Ruhusa haikusema hivyo, na watoto wangenyang’anywa kipaza sauti. Alikataa kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kuteka maji ya msiba, ingawa walikuwapo vijana wa kumtekea.

Siku ya pili wachimbaji walifika na gunia la unga. Eustace alikuwa wa mwisho kuingia uani. Paskalia alimngoja apeane mikono na wazee, kisha akamwendea alipokuwa amesimama peke yake, kando ya mtungi wa maji.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Pole.”

“Yale ya Dar es Salaam ulisema wewe.”

Eustace alifumba macho. “Uliuliza, mwanangu. Kila wiki ulikuwa ukiuliza. Sisi tulikuwa tunasikia pale juu ya lori. Na mimi sikuwa na ruhusa ya kukuambia, na sikuwa na jambo jingine.”

“Alipata kulisikia swali langu?”

“La kwanza nilimfikishia. Jioni, tukila.”

“Akasemaje?”

“Sikiliza, baba yako alikuwa mtu wa—”

“Usiniambie kitu kizuri,” Paskalia alisema. “Nimekuomba. Usiniambie tena kitu kizuri.”

Eustace aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mtu alipomwita akasaidie kupasua kuni.

Mwalimu Serafina alikuwa karibu, akisuuza bakuli, na alisikia yote. Alikumbuka alama aliyoitia ile karatasi. Alisimama ili amwendee mtoto huyo, lakini Mama Paskalia aliita kutoka ndani, na wote wawili wakaingia.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake walioketi chini. Mama Paskalia alikuwa ameegemea ukuta, khanga imefungwa kiunoni, sauti imekauka kwa kulia. Alimvuta binti yake, akamkalisha kati ya miguu yake, akaanza kumpapasa kichwa kilichokuwa kimetoka kunyolewa.

“Nilikuwa ninawaambia hawa,” alisema. “Baba yako hakujua kusifu. Hata mimi, miaka yote hiyo, hakuwahi kuniambia kwamba nimepika vizuri. Hata siku ya harusi yetu alilalamikia wali. Nami nilikuwa ninafikiri, huyu mtu atakufa siku moja bila kumwambia mtoto wake neno moja jema.” Alijifuta pua kwa ncha ya khanga. “Lakini wewe alikuambia. Kabla hajaondoka, aliona haya, akakuambia. Mimi hilo linanitosha. Si alikuambia, mwanangu?”

Wanawake waliguna kwa kukubali. Mmoja alishukuru kwa Kisukuma, “Wabeja, Donatus,” kana kwamba marehemu amekaa mlangoni.

Paskalia aliinua macho. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Mwalimu Serafina, aliyekuwa amesimama kizingitini, bakuli lenye maji mkononi. Mwalimu alikuwa na neno la kweli mdomoni, na katika maisha yake yote hakuwahi kuliacha neno la namna hiyo lipite bila kulisema. Alitazama mkono wa mama ukizunguka juu ya kichwa kile kidogo, polepole, bila kukoma.

Akaliweka bakuli chini, akaketi na wenzake.

“Ndiyo, mama,” Paskalia alisema. “Aliniambia.”