Wasifu wa Msibani

Watu wa mtaa wa Mirongo, jijini Mwanza, walipofiwa, walikwenda kwa Mwalimu Masele kuandikiwa wasifu wa marehemu. Waliona ni kazi ndogo kwa mtu aliyefundisha historia ya kanisa chuoni karibu maisha yake yote. Masele aliwaandikia, wala hakudai hata soda. Lakini nakala aliyobaki nayo aliiandika maneno mawili juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Wa msibani." Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ilimaanisha kilichomo kisiaminiwe.

"Msibani kila mtu alikuwa mcheshi na mpenda watu," alikuwa akimwambia mkewe. "Walevi wa Mwanza sijui wanazikwa wapi."

Sasa alikuwa amekufa yeye, na aliyeshika kalamu alikuwa Rose, mkewe. Rose hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliandika ukurasa mmoja, akampa Mchungaji Yeremia chini ya turubai, akarudi uani kuwagombeza waliokuwa wanaunguza wali.

Mchungaji akamfuata na karatasi mkononi. "Mama Winnie, naomba tuongee pembeni."

"Ongea hapahapa. Miguu yangu imechoka."

"Hii sehemu ya kutengwa. Tuiondoe."

Rose aliijua bila kuisoma. Kanisa la kwao, kule kisiwani karibu na Nansio, lilimwomba Masele aandike kitabu cha jubilei. Wote walitegemea aandike kwamba mjane Ng'washi alikitoa kiwanja cha kanisa kwa moyo mmoja. Yeye akauliza watu, akapima mipaka, akaandika kwamba Ng'washi na watoto wake walifukuzwa hapo wakati wa masika. Wazee wakamwambia abadilishe. Akakataa, wakamtenga. Kitabu hakikuchapwa, chuo hakikumpa tena mkataba, na tangu hapo kila Jumapili aliyovuka kwenda kusali huko alikaa benchi la nyuma, wenzake wakienda kupokea meza ya Bwana.

"Walimtenga, hawakumtenga?" Rose aliuliza.

"Walimtenga."

"Sasa uongo uko wapi?"

"Hakuna, mama. Lakini hakutubu. Aliyekufa akiwa ametengwa hazikwi uwanja wa kanisa. Wazee wanajua, wamenyamaza tu kwa kumhurumia. Ikisomwa mbele ya watu, itabidi waseme."

Winnie, binti yao, alizikwa katika uwanja huo akiwa darasa la tatu. Hospitalini, Masele aliomba jambo moja tu: alazwe karibu na mtoto.

"Wewe unataka tuandike nini?"

Yeremia alikohoa. "Kwamba alipumzika huduma kwa muda, kwa sababu za afya."

"Afya! Yeremia, mwalimu wako alikuwa na afya ya ng'ombe. Alikufundisha hivyo?"

Mchungaji alitazama viatu vyake. "Hakunifundisha hivyo."

Shimba, mdogo wa marehemu, alikuwa amesogea akasikia. "Shemeji, kaburi limeshachimbwa. Unataka turudi na jeneza kwenye meli kama mzigo uliokosa mwenyewe?"

"Nyamaza, Shimba."

Rose akaichukua karatasi kwa Mchungaji. Masele asingefuta neno hata kwa ajili ya askofu. Lakini ni Masele huyohuyo aliyetaka kulala kando ya Winnie. Alikuwa ameacha mambo mawili yasiyoingia kaburi moja, na kuchagua alimwachia mkewe.

"Lete kalamu," alisema. "Kama ni kufuta, nitafuta mimi."

Kesho yake walivuka na jeneza hadi Nansio, mvua ikinyesha kidogokidogo. Kanisa lilijaa. Benchi la nyuma, pale alipokaa Masele, aliketi mzee mmoja mwenye koti lililolowa. Rose alimtambua: mtoto wa mwisho wa Ng'washi. Alikuwa amekuja kumzika mtu pekee aliyeandika yaliyompata mama yake.

Shimba alisoma kwa sauti nzuri. Kuzaliwa, shule, chuo, ndoa. "Akapumzika huduma kwa muda, kwa sababu za afya."

Wazee wa mbele waliitikia kwa kichwa. Mzee wa koti lililolowa alisimama, akavaa kofia yake mlemle ndani ya kanisa, akatoka. Mvua ilimpokea mlangoni. Rose alimwona, akageuza uso mbele, akaendelea kusikiliza.

Masele akalazwa karibu na mtoto wake, katika kiwanja cha Ng'washi.

Matanga yalipokwisha na turubai likarudishwa, Rose alivuta sanduku la mumewe chini ya kitanda. Aliuweka ule ukurasa mezani, akatafuta kalamu nyekundu. Wino ulikuwa karibu kukauka, akalazimika kukandamiza ili maneno yaonekane: "Wa msibani."

Akaufungia ndani, pamoja na nakala za wengine.